Mwanachuo akidhalilishwa mtandaoni: chuo kianzie wapi

Kosa la kwanza hufanywa na mtu mwenye nia njema. Kiongozi wa darasa anaona matusi au picha ya mtu kwenye kundi la WhatsApp, naye kwa haraka anaufuta ujumbe kwa wote. Kundi limetulia, ila ushahidi nao umekwenda. Viongozi wa madarasa waambiwe tangu wiki ya kwanza ya muhula: hifadhi kwanza, ufute baadaye.

Kuhifadhi kuna namna yake. Mlalamikaji apige picha ya skrini inayoonyesha ujumbe, tarehe na saa. Kisha abonyeze jina la mtumaji mpaka namba ionekane, apige ya pili. Hatua hii ikirukwa, mshauri wa wanafunzi anabaki na picha yenye jina "Kaka Block C", kwa sababu ndivyo mlalamikaji alivyomsevu, na jina hilo halimtambulishi mtu yeyote. Picha hizo zisitumwe ofisini kama picha za kawaida za WhatsApp. Hubanwa na kupoteza taarifa zake. Zihamishwe kwa kebo au flashi, na daftari liandikwe: nani kaleta, saa ngapi, picha ngapi, nani kapokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaangalia jinsi ushahidi ulivyotunzwa, kwa hiyo daftari hilo si urasimu.

Picha za utupu ni habari nyingine. Mshauri asichukue nakala, wala kamati ya nidhamu isizungushe simu mezani ili kila mjumbe "ajiridhishe". Huko ni kumdhalilisha mara ya pili. Andika kwa maneno: namba iliyotuma, kundi, muda, waliokuwepo. Simu ibaki kwa mwenyewe, asifute kitu. Kuzuia isisambae zaidi, tovuti ya StopNCII.org hutengeneza alama ya utambulisho wa picha ndani ya simu yake bila picha kutoka, na mitandao inayoshiriki hutumia alama hiyo kuizuia. Inahusu waliokuwa na miaka 18 au zaidi pichani. Waliojiunga na chuo baada ya kidato cha nne huenda walikuwa na 17. Hao watumie Take It Down, huduma kama hiyo kwa picha za walio chini ya miaka 18.

Ndani ya saa 24, mtenganisheni mlalamikaji na mtuhumiwa. Anayehamishwa ni mtuhumiwa. Wanafunzi wengi Tabora mjini wamepanga vyumba mtaani, huko chuo hakina mamlaka, lakini vikundi vya kazi za darasa na zamu za mazoezi kwa vitendo vinabadilishwa asubuhi moja. "Kaeni mmalizane" msiseme kabisa. Mwenye hofu atakubali chochote ili atoke chumbani.

Mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi na siku za kutosha kujibu, tuseme saba. Msimlazimishe kufungua simu yake. Akisema laini si yake, *106# itamwonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, ingawa laini kusajiliwa kwa jina la mama mdogo si ajabu. Akaunti isiyo na jina, msikisie mwenyewe kwa kuangalia mwandiko. Kudai taarifa kwa kampuni ya simu ni kazi ya polisi.

Kuhusu polisi: kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mlalamikaji mtu mzima ndiye aamue kwenda au kutokwenda. Akienda, mfanyakazi wa kike au wa kiume, vile atakavyochagua mwenyewe, amsindikize hadi Dawati la Jinsia na Watoto akiwa na nakala ya daftari. Wazazi wasipigiwe simu kabla hajakubali. Kuna nyumba ambako habari hiyo itamkatizia ada. Kama analala vibaya au haingii darasani, ofisi ya ustawi wa jamii ya Hospitali ya Kitete, hapo Tabora, ni karibu kuliko kusubiri ratiba ya mshauri.

Mtafuteni tena baada ya wiki moja, kisha wiki ya nne, na siku chache kabla ya mtihani. Muulizeni hasa kama kuna kundi jipya limefunguliwa bila yeye.