Namna ya kusoma ripoti ya ajira ya jimbo kila mwezi: mfano wa Iowa

Kila mwezi vyombo vya habari vya Iowa, jimbo la Marekani, hutangaza namba mbili: ajira zimeongezeka au kupungua kiasi gani, na ukosefu wa ajira umefika asilimia ngapi. Kuna miezi ajira zinapungua na ukosefu wa ajira nao unapungua, watu wakabaki wanabishana ipi ni ya kweli. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa kuwa zinatoka kwenye tafiti mbili tofauti.

Nani anahesabiwa wapi

Idadi ya ajira hutoka kwa waajiri. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, huuliza waajiri na taasisi za umma takribani 120,000 nchi nzima: katika kipindi cha mshahara chenye tarehe 12 ya mwezi, mliwalipa watu wangapi? Hapa zinahesabiwa nafasi za kazi. Anayefanya hospitali asubuhi na ghalani usiku anahesabiwa mara mbili. Aliyejiajiri hahesabiwi kabisa, wala mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa na familia.

Kiwango cha ukosefu wa ajira hutoka kwa kaya. Kaya kama 60,000 nchi nzima huulizwa kuhusu wiki yenye tarehe 12, na humo kila mtu anahesabiwa mara moja, awe na kazi moja au tatu. Kaya za Iowa zinazoangukia kwenye sampuli hiyo ni chache mno kutoa namba ya kutegemewa ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kiwango cha jimbo hukokotolewa kwa modeli inayochanganya majibu ya kaya, takwimu za waajiri na madai ya bima ya ukosefu wa ajira.

Iowa ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa nguruwe, na tofauti ya tafiti hizi inaonekana wazi kwenye sekta hiyo. Anayelisha nguruwe bandani ni mfanyakazi wa kilimo, hivyo hayumo kwenye idadi ya ajira, ambayo haihusishi kilimo. Anayekata nyama ya nguruwe huyohuyo kiwandani yumo, chini ya uzalishaji viwandani. Jirani yake kwenye mstari, aliyeletwa na wakala wa vibarua, anahesabiwa chini ya huduma za kitaalamu na za biashara, maana anayemlipa ni wakala. Kiwanda kikiwaajiri moja kwa moja vibarua 200 wa wakala, ripoti itaonyesha viwanda vimepanda na huduma za biashara zimeshuka, wakati sakafuni ni watu walewale. Utafiti wa kaya unawahesabu wote watatu.

Halafu kuna mpaka. Waajiri huripoti mahali kazi ilipo. Kaya huripoti mahali mtu anapolala. Mkazi wa Council Bluffs anayevuka mto kwenda kazini Omaha, katika jimbo jirani la Nebraska, ni ajira ya Nebraska, lakini ni mwenye kazi wa Iowa. Davenport na Moline, iliyoko Illinois, ni vivyo hivyo.

Kuandaa jedwali lako

Usitegemee taarifa kwa vyombo vya habari, kwa sababu huchagua namba ya kutanguliza. Nenda kwenye FRED, tovuti ya takwimu ya tawi la St. Louis la Benki Kuu ya Marekani, upakue mifululizo mitatu: IANA (ajira zisizo za kilimo, kwa maelfu), IAUR (kiwango cha ukosefu wa ajira) na LBSSA19 (kiwango cha ushiriki katika nguvukazi, yaani asilimia ya watu wa miaka 16 na zaidi walio na kazi au wanaoitafuta). Chukua angalau miaka mitano, uweke kwenye Excel, mwezi mmoja kila mstari. Hakikisha yote imerekebishwa kwa msimu, yaani imeondolewa mabadiliko yanayojirudia kila mwaka. Ukiweka isiyorekebishwa, Januari itakuonyesha anguko kubwa ambalo ni maduka kupunguza watu wa sikukuu na ujenzi kusimama kwa baridi.

Ukikuta kisanduku cha Oktoba 2025 kitupu, kiache kitupu. Serikali ya shirikisho ilikuwa imefungwa na utafiti wa kaya wa mwezi huo haukufanyika.

Ripoti ya jimbo hutoka takribani wiki mbili baada ya ile ya taifa. Ikitoka, pakua mfululizo wote upya, usiongeze mstari wa mwisho tu. Mwezi uliopita nao hurekebishwa baada ya majibu ya waajiri waliochelewa kuingia, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kama mwezi uliopita ulitangazwa kuwa na ongezeko la 2,000, kisha ukasahihishwa kuwa upungufu wa 500, ongezeko la mwezi huu linaanzia chini zaidi. Andika masahihisho kwenye safu yake. Yakielekea chini miezi kadhaa mfululizo, hiyo yenyewe ni habari.

Kila mwaka kuna sahihisho kubwa zaidi, linalolinganisha makadirio na kumbukumbu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambazo zinagusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira. Kwa majimbo hutoka pamoja na takwimu za Januari, kwa kawaida mwezi Machi, na linaweza kugeuza ukuaji wa mwaka mzima. Chati uliyochora Februari itupe, uchore nyingine.

Kusoma namba zenyewe

Mabadiliko ya mwezi mmoja yasikuendeshe. Katika jimbo lenye ajira karibu milioni 1.6, elfu moja au mbili huweza kuwa kelele za sampuli tu, yaani tofauti ya bahati inayotokana na nani aliulizwa. BLS hutaja majimbo ambayo mabadiliko yake yana uzito wa kitakwimu, na mwezi wa kawaida huwa machache. Tumia wastani wa miezi mitatu: ikiwa ni +4,200, −1,800 na +900, jumla ni 3,300, wastani 1,100 kwa mwezi. Huo ndio mwendo. Kisha linganisha na mwezi kama huu mwaka jana.

Baada ya hapo nenda kwenye ushiriki kabla hujagusa ukosefu wa ajira. Asiye na ajira, kwa hesabu hii, ni yule asiye na kazi, aliye tayari kuanza, na aliyetafuta kwa vitendo ndani ya wiki nne zilizopita. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hayumo tena kwenye nguvukazi.

Chukua hesabu ya mfano: watu wa miaka 16 na zaidi ni 2,500,000; nguvukazi 1,700,000; wasio na ajira 56,000. Ushiriki ni asilimia 68.0, ukosefu wa ajira 3.3. Sasa watu 10,000 kati ya hao 56,000 waache kutafuta. Wasio na ajira wanabaki 46,000, nguvukazi 1,690,000. Ukosefu wa ajira unashuka hadi asilimia 2.7, ushiriki unashuka hadi 67.6, na hakuna hata mtu mmoja aliyepata kazi. Kwa hiyo ukosefu ukishuka huku ushiriki nao ukishuka, usishangilie. Ukipanda kidogo huku ushiriki ukipanda, huenda watu wanarudi kutafuta kwa kuwa wanaona matumaini, jambo ambalo kwa kawaida ni zuri.

Angalia pia kama kuna tukio lililoangukia wiki yenye tarehe 12. Dhoruba kubwa ya upepo iliyoharibu Cedar Rapids ilipiga Jumatatu, Agosti 10, 2020, ndani kabisa ya wiki ya utafiti. Hata hivyo aliyelipwa walau saa moja katika kipindi hicho cha mshahara anahesabiwa kuwa na ajira, na kwa kaya, aliyekosa kwenda kazini kwa sababu ya hali ya hewa bado ana kazi. Athari ya namna hiyo itafute kwenye saa za kazi na madai ya bima ya kila wiki.

Ukitaka kujua mji wako

Takwimu za jimbo hazitakuonyesha. Kampuni ya nyama ya Tyson ilipofunga kiwanda chake cha nyama ya nguruwe huko Perry, Iowa, mwaka 2024, takribani ajira 1,300 ziliondoka katika mji wa watu kama 8,000. Kwa jimbo zima hiyo haifiki asilimia 0.1. Kwa mambo ya mji, fuatilia notisi za kupunguza wafanyakazi: sheria ya Iowa inawataka waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kutoa taarifa siku 30 kabla, na Iowa Workforce Development, idara ya kazi ya jimbo, huziweka hadharani. Kiwango cha ukosefu wa ajira cha kaunti kipo pia, ila BLS hukitoa bila kurekebisha kwa msimu, kwa hiyo Juni yake ilinganishe na Juni ya mwaka jana, kamwe si na Mei.