Kupekecha moto kwa upinde, na pale wanaoanza wanapokwama

Nimetoka kumsaidia kijana wa miaka 14, alikuwa anatoa moshi mwingi lakini kaa la moto hapati. Wengi wanakwama hapohapo.

1. Mtu mzima awepo, maji yawe karibu, fagia chini hadi udongo mtupu. Kisu kiwe kidogo kisichokunjwa, panga kwa kazi hii sipendi kabisa.

2. Ubao wa chini na ulindi (kile kijiti kinachozunguka) viwe vya mti mkavu mlaini. Chukua tawi lililofia juu mtini, lililolala chini limeshanyonya unyevu. Bonyeza kwa ukucha, ukiacha alama mti unafaa. Wenye utomvu achana nao.

3. Upinde wa urefu wa mkono na kamba imara, izungushe mara moja kwenye ulindi. Kishikio cha kugandamiza ulindi kwa juu kiwe cha mti mgumu, paka sabuni kwenye kishimo chake. Mambo ya kupekecha kwa viganja weka kando kwanza, utachubuka bure.

4. Sasa hapa tulia. Pekecha kidogo juu ya ubao shimo liungue, halafu ndio ukate pengo la V toka ukingo wa ubao hadi karibu na katikati ya shimo, upana kama kipande kimoja cha chapati iliyokatwa nane. Likiwa jembamba unga (vumbi la mti linalotoka ukipekecha) unaziba, likiwa pana unatawanyika na joto linapotea, na kaa ni huo unga ukijikusanya pamoja ukashika moto, sio ncha ya kijiti kama wengi wanavyodhani. Weka jani kavu chini ya pengo uudake. Kisha uangalie: wa kahawia nyepesi maana yake joto halitoshi, gandamiza zaidi na uongeze spidi, ukitoka mnenemnene kama nyuzi umegandamiza mno au mti una maji, unaoutaka ni mweusi, laini. Ulindi ukianza kupiga kelele na ncha inang'aa, ikwangue, tia mchanga kidogo, endelea. Usisimame moshi unapoanza!! Simama pale unga wenyewe unapofuka hata kijiti kikiwa kimetulia. Hapo usipulize, pepea kwa mkono, lipe kaa muda lishikamane.

5. Lihamishie kaa kwenye kiota cha nyuzi za magome na majani makavu, puliza taratibu.

6. Kuzima: mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, hadi ukigusa kwa mgongo wa kiganja husikii joto.