Bunduki ya kwanza ya shabaha za mbali
Mkuu, kama upo Tanga na unautaka huu mchezo, kabla hujaulizia bei nenda polisi kwanza, bila kibali usiguse kitu. Ukishapata chukua ya bolti, ile unayovuta kitasa kwa mkono kila risasi, yenye mtutu mnene maana hauchemki haraka, risasi iwe aina ya 6.5 Creedmoor, upepo hauisukumi sana kama aina ya .308 na teke lake begani la kistaarabu. Ila hela usiimalizie kwenye bunduki, darubini mbovu itakuharibia yote, hapo usibane kabisa. Na hewa yetu ya chumvi inakula chuma balaa, bora mtutu wa stenlesi, na bado ukitoka kupiga upake mafuta hata kama umechoka. Upepo wa kusi je? Hakuna bunduki inayoutibu huo, jifunze kuusoma kwa bunduki ya risasi ndogo za .22, risasi zake bei chee na mita 100 tu tayari zinayumbishwa.