Kihisi cha Hall kisimalize betri

Kihisi cha Hall (kijenzi kinachotambua sumaku iliyo karibu) cha kawaida kinaweza kula miliampea 5 muda wote kikiwashwa, sumaku iwepo isiwepo. Betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, ina takriban miliampea-saa 220. Piga hesabu: haimalizi siku 2.

Hatua ya 1: Jua kasi ya sumaku yako, maana kihisi hakitakuwa macho muda wote. Mlango ukiuangalia mara 10 kwa sekunde inatosha kabisa. Gurudumu ni kesi nyingine: lazima kihisi kiamke sumaku ikiwa mbele yake, kisha kiamke tena ikishapita, hata kwenye kasi ya juu kabisa.

Hatua ya 2: Kilaze. Kipe umeme kutoka pini ya maikrokontrola (chipu inayoendesha mradi wako) badala ya betri moja kwa moja (hakikisha pini inaubeba mkondo huo). Washa, subiri kitulie, soma, zima. Kikiwa macho maikrosekunde 50, mara 10 kwa sekunde, wastani unashuka hadi maikroampea 2.5. Maikrokontrola nayo ilale katikati. Kuna vihisi vinavyojilaza vyenyewe. Kasi yao ikikutosha, nunua hivyo, usijisumbue.

Hatua ya 3: Punguza kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji ili kutuliza umeme). Hapa ndipo nilipoumia. Kwa mazoea nilibandika kapasita ya maikrofaradi 10 kwenye mstari wa umeme wa kihisi, betri ikaisha ndani ya mwezi. Kila ukizima, chaji ya kapasita inaishia kwenye kihisi. Kila ukiwasha, unaijaza upya. Zidisha maikrofaradi zake kwa volti kwa idadi ya mara kwa sekunde: 10 × 3 × 10 ni maikroampea 300! Ya maikrofaradi 0.1 inakula 3 tu, na hata hizo zimeshapita zile za kihisi chenyewe. Ndiyo maana kupunguza idadi ya kuamka kunalipa mara mbili.

Hatua ya 4: Hamisha rezista. Vihisi vingi huvuta mstari wa jibu chini tu, hivyo huhitaji rezista ya kuuinua. Ifunge kwenye pini ileile inayowasha kihisi. Ukiifunga kwenye betri, umeme unaweza kupenya kinyumenyume kupitia mguu wa jibu hata kihisi kikiwa kimezimwa.

Hatua ya 5: Pima. Multimita haioni pigo fupi hivyo. Weka rezista ya ohmu 10 kwenye njia ya betri, utazame volti zake kwa oskiloskopu (chombo kinachochora volti zinavyobadilika): kihisi kitaonyesha milivolti 50, juu yake zile za maikrokontrola. Mstari usiporudi karibu na sifuri kati ya pigo na pigo, anza kukagua hatua ya 4.