Kuweka Rekodi za Kuvu za Vifuko Mombasa na Viungani Mwake

Kuvu za vifuko, ambazo spora zake (chembe za uzazi) hukomaa ndani ya vifuko vidogo mno, aghalabu nane katika kila kimoja, mara nyingi hazifanani na uyoga wa mwavuli. Nyingi ni vidoa vyeusi juu ya kijiti kikavu, au vidole vyeusi vilivyochomoza kwenye gogo la mwembe, hivyo anayezitafuta hana budi kupiga magoti na kushika lenzi inayokuza mara 10.

Chagua makazi yasiyofanana: mikoko ya Mikindani wakati maji yamekupwa, bustani yenye magogo ya minazi, na msitu wa Shimba Hills huko Kwale. Kila mahali pape muda ule ule, tuseme saa moja, na uparudie masika na vuli, kwa maana ukikaa saa tatu msituni na robo saa mikokoni, hesabu yako itapima subira yako badala ya wingi wa spishi. Siku uliyotoka mikono mitupu nayo iandike. Hifadhini panahitaji kibali, na katika misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, idhini ya wazee hutangulia.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kuandika kuvu imeota juu ya nini, kwa sababu spishi nyingi huchagua mti wake. Kuandika "mti wa pwani" hakusaidii mtu. Taja kama ni mkoko, mchu au mkandaa, kama ni gome au mbao tupu, na kama maji yakijaa hupafikia.

Ukikuta donge jeusi gumu mfano wa kaa, huenda ni Daldinia. Lipige picha pamoja na rula kabla ya kuligusa, kisha likate katikati: ndani zitaonekana pete za weusi na kijivu zikifuatana, na picha ya pete hizo ina thamani kuliko kumi za ganda la nje.

Sampuli itie pamoja na kipande cha mti wake katika bahasha ya khaki yenye nambari, tarehe na majira ya nukta ya mahali (latitudo na longitudo). Katika plastiki, kwa unyevu wetu wa pwani, huota ukungu mwingine upesi. Ikaushe kwa joto la nyuzi 40 hivi. Jina la spishi lisubiri hadubini. Ukiwa na hakika ya jenasi tu, yaani kundi la spishi za karibu, mathalani Xylaria ya vile vidole vyeusi, andika Xylaria.