Jinsi ya kuomba kupunguziwa barua za matangazo nyumbani, kwa tunaoishi Marekani

Ukishafungua akaunti ya benki Marekani, sanduku lako la barua halikauki. Bahasha inakupongeza kwamba "umeshaidhinishwa", na ndani mna ofa ya kadi ya mkopo ambayo hukuiomba. Hakuna ofisi moja inayozuia makaratasi yote haya, kwa hiyo unapeleka maombi kadhaa, kila moja na mlango wake.

Kabla ya kujaza chochote, weka kando bahasha za wiki mbili hivi na uangalie jina lilivyoandikwa. Majina yetu matatu huwasumbua sana watumaji. Hamisi Juma Omari wa kwenye leseni huwa Hamisi J Omari benki, na Omari Hamisi kwenye duka la samani, na kwa kompyuta hao ni watu watatu. Ukiombea jina moja tu, wale wawili wataendelea kuletewa barua. Yaandike yote kama yalivyo, hata yaliyokosewa.

Anza na ofa za kadi za mkopo, maana ndizo zenye hatari: akiiba bahasha kwenye sanduku la jengo, mtu anaweza kujaribu kufungua akaunti kwa jina lako. Equifax, Experian, TransUnion na Innovis, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, huziuzia benki na kampuni za bima orodha za watu, na sheria ya shirikisho inakupa haki ya kujitoa. Ingia optoutprescreen.com au piga 1-888-567-8688. Hulipi kitu. Ukimalizia hapo hapo, umejitoa kwa miaka 5. Ukitaka kujitoa kwa kudumu, anzia mtandaoni, kisha chapisha fomu, tia saini na uitume kwa posta. Wengi hukwama hapa kwa uvivu wa kutafuta stempu, lakini mimi ningeitafuta.

Utaulizwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security. Kuogopa ni haki yako, kwa hiyo andika anwani ya tovuti kwa mkono wako mwenyewe, usibonyeze kiungo kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Alama zako za mkopo haziguswi. Ombi hushughulikiwa ndani ya siku 5, ila barua zilizokuwa njiani zitaendelea kuingia kwa wiki kadhaa. Kila mtu mzima nyumbani ajaze yake. Benki ambayo tayari una akaunti kwake bado inaweza kukuandikia. Hiyo iambie mwenyewe.

Katalogi na matangazo mengine yenye jina lako hupunguzwa kupitia tovuti ya DMAchoice, kwa ada ndogo, na usajili hudumu miaka 10. Kama hutaki kulipa, CatalogChoice ni bure, ila unaitaja kampuni moja moja.

Kuna kampuni nyingine haisikii kabisa. Kwa kampuni kama hiyo, omba posta Fomu 1500, ya kuiomba posta imwamuru mtumaji aache kukuandikia. Iliwekwa kwa ajili ya matangazo ya ngono, lakini anayeamua kama tangazo ni la aina hiyo ni mpokeaji peke yake, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali hivyo mwaka 1970. Ambatanisha tangazo lenyewe na bahasha yake, na unaweza kuorodhesha watoto walio chini ya miaka 19 unaoishi nao. Amri ikishamfikia mtumaji, huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Akituma tena, hifadhi bahasha na uipeleke posta kama ushahidi.

Vipeperushi vya pizza vilivyoandikwa "Current Resident" havina jina la kufuta. Tarishi anatakiwa kuvifikisha kila mlango, kwa hiyo usigombane naye.

Ukihama, kumbuka kwamba fomu ya posta ya kubadili anwani kwa kudumu huwezesha kampuni zilizokuwa na anwani yako ya zamani kupata mpya. Sasisha maombi yako yote wiki hiyo hiyo.