Mko watano mnakwenda Italia? Msikimbilie kukodi gari

Watu wakiwa kundi husema gari ni nafuu kwa kuwa gharama inagawanywa. Kwa safari ya Roma, Firenze na Venezia, hesabu hiyo inadanganya. Treni ya mwendo kasi kutoka Roma hadi Firenze huchukua kama saa moja na nusu, na inawashusha katikati ya mji. Mkikata tiketi mapema, bei inashuka sana.

Gari sasa. Katikati ya Firenze kuna maeneo yenye kibao cha ZTL, hayaingiwi bila kibali. Hakuna askari wa kuwasimamisha. Kamera inapiga picha namba ya gari, na faini inaweza kuwafuata miezi kadhaa baadaye, mkiwa mmesharudi nyumbani. Venezia ndiyo kabisa: gari linaishia Piazzale Roma, uwanja ulio mwanzoni mwa mji huo, mnalipia maegesho, kisha ni miguu au boti. Na masanduku matano makubwa hayaenei kwenye buti ya gari dogo, kuna mtu atasafiri na begi mapajani.

Gari likodini siku mbili tu, za kuzunguka vijiji vya mkoa wa Toscana, vile ambavyo treni haivifikii. Dereva achukue leseni ya kimataifa kabla hamjaondoka.